Bodaboda Huanza Kustaafu kwa Kuacha Usiku

Mtumishi wa serikali anajua atastaafu lini tangu siku anayoajiriwa. Akitaka mwenyewe ni miaka 55, kwa lazima ni 60. Barua inamfuata mezani, wenzake wanachangishana, ananunuliwa zawadi, picha zinapigwa. Dereva wa bodaboda hana barua. Hakuna atakayemwambia kesho usije. Kazi anaiacha kipande kwa kipande, na mara nyingi hata mkewe hajui kwamba ameshaanza kuiacha.

Nayasema haya kwa sababu ya ba'mdogo wangu, ambaye ameendesha bodaboda Morogoro mjini tangu biashara yenyewe ikiwa changa. Kwake niliuona mpangilio ambao baadaye nimeukuta kwa karibu kila dereva mtu mzima niliyekaa naye. Kwanza anaacha usiku. Halafu anaacha mvua. Halafu safari ndefu za milimani, Kinole, Matombo, Mgeta. Halafu abiria asiowajua. Mwisho anabaki na watu wake tu: mwalimu wa kumpeleka shule asubuhi, mama wa mboga anayewahi Soko la Mawenzi, bibi wa kliniki ya presha, mtoto wa jirani. Hapo ameshastaafu, ila pikipiki bado inawaka kila siku na watu bado wanamwita bodaboda.

Usiku unatangulia kuachwa kwa sababu ya macho, na usiku ndio wenye hela. Mambo haya mawili ndiyo yanayomtesa dereva akishavuka miaka arobaini. Tangu mabasi ya masafa marefu yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, stendi ya Msamvu haina saa ya kulala. Basi linashusha watu saa nane ya usiku, mtu ana mizigo na mtoto mgongoni, hataki kusubiri kukuche, kwenye bei habishani sana. Vijana wanaipenda saa hiyo, na ba'mdogo aliipenda kuliko wote. Lakini miaka mingi ya kuendesha kofia ngumu ikiwa na kioo kilichochubuka, au kioo kikiwa kimefunuliwa juu kwa sababu ya joto, jua, upepo na vumbi la Kihonda vikiingia moja kwa moja, inaacha alama. Macho yake yote mawili yameota kinyama kinachoanzia kona ya upande wa pua na kusogea taratibu kuelekea kwenye mboni. Mchana kinamwasha tu. Usiku gari likija mbele limewasha fulu, mwanga unatawanyika, barabara yote inapotea, naye anabaki kuendesha kwa kukumbuka mashimo yalipo.

Hakumwambia mtu. Alianza tu kusema kwamba chakula cha jioni kinamwendea vizuri akila nyumbani. Mama mdogo akafurahi, akadhani mume ametulia, mpaka alipoona hela ya mezani imepungua karibu nusu. Ndipo mazungumzo ya kweli yalipoanza ndani ya nyumba ile, na nadhani yangekuwa yameanza mapema zaidi kama kazi yenyewe ingekuwa na desturi ya kusema, "Sasa nimefika umri huu, tupange."

Mvua iliachwa kwa sababu ya magoti na kifua. Anayeujua mji wa Morogoro anajua Uluguru wakati wa masika: wingu linashuka mchana, maji yanateremka na udongo mwekundu, na njia za kupanda kwenda vijijini zinakuwa utelezi mtupu. Dereva hapo anashusha miguu yote miwili, anaikokota chini huku gia ya kwanza inanguruma, na abiria nyuma anamshika kiuno kwa hofu. Goti ndilo linalobeba yote hayo. Ukitaka kujua dereva amefikia wapi, usimwangalie akiendesha, mwangalie akishuka. Ba'mdogo kwanza anaegemea usukani, anapumua, kisha anaushika mguu wa kulia kwa mkono, chini kidogo ya paja, anaupitisha juu ya siti kana kwamba ni mzigo wa mtu mwingine. Akikaa kunywa chai, kikombe anakishika kwa mikono miwili, kwa sababu vidole vya mkono wa kulia, ule wa kuvutia mafuta, vinakufa ganzi na havifungi vizuri asubuhi.

Sasa tazama jambo ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha. Tanzania sheria ya leseni za usafirishaji ilirekebishwa mwaka 2009, na kanuni za pikipiki na bajaji za kubeba abiria zikatoka 2010. Kabla ya hapo watu walibeba abiria kwa kujificha. Kenya walitutangulia: baiskeli za mpakani Busia zilibeba watu tangu miaka ya 1960, na mwaka 2008 serikali yao ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pikipiki ndogo, zile za chini ya cc 250, pikipiki zikamiminika. Kijana aliyeingia kazini kwetu mwaka 2010 akiwa na miaka 30, leo ana zaidi ya arobaini na tano. Aliyeingia na arobaini anakaribia sitini. Maana yake ni kwamba hatujawahi kuwa na wazee wa bodaboda. Hawa wa sasa ndio wa kwanza, hawana mtu wa kumwiga, na wanatafuta njia ya kutoka wakiwa bado barabarani. Tukizungumzia bodaboda tunamzungumzia kijana: ajira kwa vijana, ajali za vijana, fujo za vijana. Yule mwenye mvi chini ya kofia hatumwoni.

Ukimuuliza bodaboda yeyote atafanya nini akiacha kuendesha, jibu la kwanza ni hilohilo: nitanunua pikipiki nyingine nimpe kijana aniletee hesabu, yaani ile hela ya kila siku ya mwenye pikipiki. Ndiyo ndoto ya kila kijiwe, na inaeleweka, maana miaka yote yeye ndiye amekuwa akipeleka hesabu kwa bosi. Lakini hesabu yenyewe ukiipiga kwa kalamu ni nyembamba. Pikipiki mpya inakaribia milioni tatu. Ukimpa kijana kwa mkataba wa elfu kumi kwa siku, siku sita kwa wiki, wiki 60 zinakupa milioni 3.6, kisha pikipiki inakuwa yake. Toa bima, toa leseni ya biashara ya usafirishaji, toa zile siku anazolaza hesabu kwa sababu ameumwa, amekamatwa au amefiwa. Kinachobaki hakimtunzi mtu na mkewe mwaka mzima. Ukiamua badala yake uwe unapokea hesabu tu na pikipiki ibaki yako, matengenezo makubwa ni juu yako, na baada ya miaka miwili, mitatu ya barabara za milimani una chuma kilichochoka.

Hata hivyo nimeona tofauti kati ya bosi aliyewahi kuendesha na bosi ambaye ni mfanyakazi wa ofisini aliyenunua pikipiki kama mradi. Ba'mdogo ana pikipiki moja aliyompa kijana wa jirani kwa mkataba. Siku mvua ikinyesha tangu alfajiri hapigi simu kuuliza hesabu, kwa sababu anajua kijiweni hakuna kichwa hata kimoja. Siku ya mnada au ya mahafali anaitaka yote, tena mapema. Na kila Jumapili pikipiki lazima ipite nyumbani kwake. Anachuchumaa pembeni, anaisukuma cheni juu na chini kwa kidole gumba, anaangalia ilivyolegea. Anachomoa plagi, anaigeuza kwenye mwanga. Ikiwa na rangi ya kahawia ya udongo mkavu, anairudisha bila neno. Ikiwa nyeusi na ina mafuta anamtazama kijana usoni na kumuuliza, "Oili umemwaga lini?" Kijana akisema juzi, anavuta kijiti cha oili, anakipangusa kwenye kitambaa, anakirudisha, anakitoa tena na kumwonyesha. Hakuna kelele. Yule kijana ameniambia kwamba kuliko kugombezwa na mzee huyu afadhali asubiri foleni ya trafiki.

Wapo wanaohamia bajaji, na hiyo naiita nusu ya kustaafu. Magurudumu matatu hayataki miguu ya kukokota chini, kuna paa juu, mvua haikupigi kifuani, na ukichoka unalala kiti cha nyuma. Mtu wa miaka hamsini anaweza kuongeza miaka kadhaa humo bila aibu. Ila bei ya bajaji ni mara kadhaa ya bei ya pikipiki, na wengi wanaifikiria wakati nguvu ya kuikusanya hela hiyo imeshakwisha.

Wapo wanaorudi shambani, na hawa ndio ninaowaonea raha. Pikipiki inakuwa mnyama wa mizigo: mikungu ya ndizi miwili kila upande, gunia la nanasi nyuma, mpaka barabara ya lami ambako magari ya sokoni yanasubiri. Anaendesha saa mbili kwa siku, anakula chakula cha nyumbani, na hakuna mtu nyuma yake anayemwambia ongeza mwendo nachelewa. Dereva mmoja wa zamani kule Mkuyuni aliniambia kwamba kitu cha kwanza kilichomrudia ni usingizi. Alilala wiki mbili kama mgonjwa, watoto wakaogopa. Kumbe mwili ulikuwa unadai usiku wote aliokesha stendi.

Jirani na ba'mdogo anaishi mzee mwingine wa pikipiki, ambaye maisha yake ni somo la pembeni. Alikuwa bwana mifugo wa kata, amestaafu kwa umri. Miaka mingi ya kazi alipanda njia zilezile za milimani kwa Yamaha AG100, zile pikipiki ngumu zenye keria mbele na nyuma ambazo maofisa ugani na watu wa miradi wamezitumia sana. Mgongo unamuuma kama ba'mdogo, magoti yanamuuma kama ba'mdogo. Tofauti ni kwamba kila mwezi simu yake inalia, pensheni imeingia. Kwa hiyo pikipiki imekuwa burudani. Asubuhi anaifuta kwa kitambaa, anavaa koti, anaondoka kwenda kumsabahi mfugaji aliyemfahamu zamani, anaangalia ng'ombe, anapewa maziwa, anarudi kabla ya jua kali. Hana haraka, hapakii mtu. Jioni wazee hawa wawili wanakaa kwenye benchi moja chini ya mwembe na kuongea habari za barabara: daraja gani limekatika, wapi siku hizi wameweka zege, nani alianguka kwenye kona ipi. Ukiwasikiliza bila kuwaona huwezi kujua yupi ana mafao na yupi hana. Wote wawili wamelitumikia taifa hili juu ya siti ya pikipiki, na ninaposema wamelitumikia namaanisha. Nani aliyekuwa akiwafikisha wajawazito kituo cha afya saa tisa usiku katika vijiji visivyo na gari?

Si wote wanaochagua namna ya kuacha. Katika kijiwe cha ba'mdogo yupo mwenzake ambaye kustaafu kwake kulikuwa sekunde moja: lori lilimchomekea, mguu ukavunjika mahali pawili. Akawekewa vyuma, akalala miezi, pikipiki ya watu ikabaki skrepa. Alikuwa na miaka thelathini na nane. Fidia aliyoahidiwa na upande wa lori aliifuatilia mpaka nauli za kuifuatilia zikamshinda. Leo anaosha pikipiki palepale kijiweni, ndoo mbili, brashi na sabuni ya unga, na mguu ule ukiwa umenyooshwa pembeni kwa sababu haukunji. Wenzake wamekubaliana kwamba kila pikipiki ya kijiwe ioshwe kwake na si kwingine. Hilo halikuandikwa popote na halijavunjwa. Naliheshimu kuliko mifuko mingi yenye ofisi za vioo.

Na hapa ndipo penye kazi kubwa ya wazee wa bodaboda, kazi isiyolipwa. Ba'mdogo karibu kila siku anakwenda kijiweni hata kama hana abiria. Anafika saa moja asubuhi, anaegesha pembeni, si kwenye foleni, ili vijana wajue hawanii zamu zao. Daftari la kijiwe analo yeye. Ndani kuna majina, namba za simu za ndugu, namba za pikipiki na majina ya mabosi. Akipata mtu ajali, yeye ndiye anayegawa watu: wewe nenda naye hospitali, wewe baki na pikipiki isiguswe mpaka polisi wafike, wewe mpigie mkewe lakini usimwambie kwa simu, mwambie unakwenda kumchukua. Akifa mtu, anakusanya rambirambi na kuandika kila shilingi, kisha anapanga msafara, na anasimama mbele ya vijana kuwaambia kwamba leo hakuna kupiga honi wala kunyanyua tairi, tunamsindikiza ndugu yetu kwa adabu. Wanamsikiliza. Wasingemsikiliza trafiki, wasingenisikiliza mimi.

Anawafundisha pia, bila kuita mafunzo. Kijana akichukua mshikaki wa watu watatu, mzee hamkemei mbele ya watu. Anamsubiri ashushe, anamwita, anamwonyesha shokapu za nyuma zilivyozama. Deiwaka mgeni, yaani dereva wa kibarua cha siku, akija na pikipiki ya mtu, anamuuliza kwanza amelala saa ngapi. Halmashauri inatafuta wataalamu wa usalama barabarani, na wataalamu hao wako kijiweni, wanakunywa kahawa, hawajawahi kuulizwa.

Lakini heshima hainunui dawa za magoti, na lazima nirudi kwenye hela. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inapokea michango ya waliojiajiri, kuanzia shilingi 30,000 kwa mwezi. Hiyo ni elfu moja kwa siku, bei ya safari fupi ya kwanza asubuhi. Pensheni inataka uwe umechangia miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Sasa hesabu kutoka 2010. Bodaboda aliyeingia kazini mwaka ule, kama angewekewa utaratibu tangu mwanzo, kama leseni ya kwanza ingetoka pamoja na kadi ya uanachama, angekuwa ameikamilisha miezi yake 2025. Kizazi kizima kingekuwa sasa hivi kinangoja umri tu. Hili linaniuma kila nikimwona ba'mdogo akiushika mguu wake kuushusha, kwa sababu lilikuwa linawezekana na halikuhitaji bajeti ya ajabu. Kenya walibuni mpango wa Mbao, mtu anaweka shilingi 20 za kwao kwa siku kwa simu. Rwanda walianzisha Ejo Heza mwaka 2018, wakawafuata watu wa kipato kisicho rasmi hukohuko waliko. Sisemi mipango hiyo imemaliza shida. Nasema walitambua kwamba mtu anayepata hela kwa siku hufikiri kwa siku, na ukimdai kwa mwezi umemkosa.

Maana hela ya bodaboda haifiki mwisho wa mwezi. Inaingia mia tano mia tano, elfu elfu, inatoka vilevile: mafuta asubuhi, chapati, hesabu ya bosi jioni, unga, ada. Hakuna siku ambayo 30,000 inakaa mfukoni imetulia ikisubiri mfuko wa hifadhi. Inabidi elfu moja ikatwe ikiwa bado ni elfu moja.

Kijiwe cha ba'mdogo wameanza kulijadili jambo hili, na ameniomba niwe nawasaidia kusoma makaratasi. Katika kikao cha kwanza kijana mmoja aliuliza, bila ubishi, anataka tu kujua: "Mzee, miaka kumi na tano si nitakuwa nimeshaacha bodaboda? Hii kazi mimi napita tu."

"Mimi nilisema hivyohivyo 2010," ba'mdogo akamjibu, na akaendelea kuandika majina.

Wamekubaliana elfu moja kwa siku. Wanachobishania ni nani aishike. Ba'mdogo anataka katibu apite kila jioni na daftari, akusanye, na mwisho wa mwezi kila mtu alipiwe NSSF kwa kontroo namba yake, ile namba ya malipo. Mimi nimewaambia kila mmoja alipe mwenyewe kwa simu, kwa sababu nimeona vijiwe vilivyovunjika baada ya hela ya pamoja kupotea mikononi mwa mtu waliyemwamini. Yeye anasema mtu akiachwa peke yake na simu yake hatalipa hata mwezi wa pili, na kwamba mimi naijua hela ya mshahara, siijui hela ya siku. Tunabishana kila nikienda Morogoro. Wiki iliyopita katibu ameshaanza kuzunguka na daftari.